Mtoto Huyu Si Mkaidi: Tuelewe Usonji na Hali ya Asperger

Leo vuta kiti karibu, maana mada yetu ni jambo ambalo limewaliza akina mama wengi kimyakimya. Tutazungumza juu ya usonji, ambao wengine huuita otizimu, na pia juu ya hali iliyozoeleka kwa jina la Asperger.

Tuanze kwa mfano. Mfikirie mama mmoja anayeishi katika ploti yenye vyumba kumi. Mwanawe wa kiume ana miaka mitatu. Anatembea vizuri, anakimbia, hana homa wala kilema kinachoonekana. Lakini ukimwita jina hageuki. Hakuonyeshi kitu kwa kidole. Kutwa nzima anapanga vifuniko vya soda katika mstari mmoja, na ukiuvuruga mstari huo atalia hadi sauti ikauke. Kila asubuhi wakienda shule ya chekechea, wakifika kona ya pili anajitupa chini, anaziba masikio na kupiga mayowe. Watu wanasimama kutazama. Jirani anasema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Mama mkwe anasema katika ukoo wao hakujawahi kuonekana mtoto kama huyo. Mama anainamisha kichwa. Jioni anamchapa mtoto, kisha anaingia ndani na kulia. Jumapili ikifika anamfungia nyumbani ili asimwaibishe mbele za watu.

Huenda mama huyo unamjua. Huenda mama huyo ni wewe. Basi nisikilize. Hukushindwa kumlea mtoto wako. Na mtoto wako hakudharau. Kuna jambo anakuambia, ila hajapata njia ya kulisema ukaelewa.

Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti katika jinsi ubongo wa mtoto unavyokua, na tofauti hiyo huanza kabla hajazaliwa. Hauambukizi. Mtoto wako hawezi kuupata kwa kucheza na mtoto mwenye usonji wala kwa kula naye sahani moja.

Usonji hugusa mambo mawili makubwa. La kwanza ni mawasiliano na namna ya kuhusiana na watu. La pili ni kurudiarudia mambo, kupenda utaratibu usiobadilika, na kuhisi vitu kwa namna tofauti na wengine. Sauti ambayo wewe huioni kuwa kitu, kwake inaweza kuwa kama msumari sikioni. Lebo iliyoshonwa kwenye kola ya sare inaweza kumkwaruza mpaka asisikie mwalimu anasema nini. Mwingine hahisi baridi au maumivu kama wewe unavyohisi.

Watoto hawa hawafanani. Kuna asiyesema hata neno moja, na kuna anayesema bila kukoma juu ya jambo moja tu. Wengine wana ulemavu wa akili pia, wengine hawana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule yenye wanafunzi 1,000 inaweza kuwa na watoto kama 8. Kwa hivyo usidhani uko peke yako.

Na Asperger ni nini?

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliojitenga na watu na kupenda mambo yasibadilike. Mwaka uliofuata, 1944, daktari Hans Asperger wa Vienna, Austria, aliandika juu ya watoto waliofanana nao kwa mengi, ila hawa walizungumza vizuri na walijua mambo mengi kuhusu vitu walivyovipenda. Mwaka 1981 daktari Mwingereza Lorna Wing aliandika juu ya hali hiyo na kuipa jina la Asperger, na jina likaenea.

Siku hizi madaktari wameliacha. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliondoa mwaka 2013, na orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, haina jina hilo peke yake. Sasa yote huitwa usonji, kwa sababu ni hali moja yenye sura nyingi. Lakini utalisikia bado, hasa kwa watu wazima waliopimwa zamani.

Mtoto wa aina hii humtambuaje? Mfikirie kijana wa Gredi ya 6. Anakutajia njia zote za matatu za mji wake, namba na vituo, bila kukosea. Hisabati anapita. Lakini wakati wa mapumziko yuko peke yake ukutani. Ukimwambia "ningojee dakika moja," atahesabu hadi sitini kisha aondoke. Ukimwambia "piga moyo konde," atajipiga kifuani. Shangazi akimwuliza kama chakula ni kitamu, atajibu kwamba hakina chumvi. Wageni wakija haamkui, na watu wanasema hana adabu. Wenzake wanamcheka kwa sababu hajui mzaha ni upi na kweli ni ipi. Kijana huyu anaumia, lakini kwa kuwa anapita mitihani, hakuna anayefikiri kwamba anahitaji msaada.

Nani wa kulaumiwa?

Hakuna. Zamani wataalamu wenyewe walikosea hapa. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alichapisha kitabu huko Marekani kilichowalaumu wazazi, hasa mama, eti usonji huletwa na kukosa upendo. Akina mama wengi walibeba mzigo huo bure. Uchunguzi wa watoto pacha, ulioanza kuchapishwa mwaka 1977, ulionyesha kwamba usonji kwa sehemu kubwa hutokana na urithi wa maumbile, ule ule unaompa mtoto urefu wake na rangi ya macho yake. Kwa hivyo si laana, si uchawi, si adhabu ya dhambi, na wala si kosa la damu ya mama peke yake. Mtoto hurithi pande zote mbili.

Je, chanjo? Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza alidai kuna uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Jarida lililochapisha habari hiyo liliifuta mwaka 2010, na daktari huyo akanyang'anywa kibali cha udaktari. Mwaka 2019 uchunguzi wa Denmark uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000 haukuona kwamba chanjo hiyo inaongeza usonji. Tafadhali mama, mpeleke mtoto achanjwe. Surua huua.

Na lugha ya mama je? Wengine huambiwa waache kuzungumza Kiluo, Kikamba au Kigiriama nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Si kweli. Kujua lugha mbili hakuleti usonji wala hakuuzidishi. Zungumza na mwanao kwa lugha inayotoka moyoni mwako.

Dalili za kuangalia

Mpeleke mtoto akaonwe ukiona mambo haya:

Amefika mwaka mmoja na bado hageuki ukimwita jina, ingawa sauti nyingine anazisikia.

Amefika mwaka mmoja na nusu na bado haonyeshi kitu kwa kidole ili nawe ukitazame.

Amefika mwaka mmoja na nusu na hana hata neno moja, au amefika miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili, kama "taka maji".

Alikuwa na maneno au michezo, kisha akaipoteza. Hili usilisubirie, uwe umri wowote.

Anapepesa mikono, anajitikisa au kuzunguka mara kwa mara, anapanga vitu kwa mstari, au anasumbuka kupita kiasi jambo dogo likibadilika.

Hapa nitoe angalizo. Utasikia ikisemwa kwamba mtoto mwenye usonji hatazami watu machoni. Katika nyumba zetu nyingi mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na hiyo ni heshima. Kwa hivyo usimpime kwa mgeni. Mwangalie akiwa nawe: ukimnyonyesha, ukimwogesha, ukicheza naye. Je, anakutafuta kwa macho? Anatabasamu ukimtabasamia?

Wasichana nao husahauliwa. Wavulana ndio hutambuliwa zaidi, lakini wasichana wengi hujifunza kuiga wenzao. Msichana akinyamaza pembeni tunasema ni mpole, ana adabu. Mwulize na mwangalie pia.

Sikiliza tabia

Turudi kwa yule mama wa ploti. Alijaribu peremende, akajaribu fimbo, kona ya pili ikabaki vile vile. Siku moja, Jumapili, alipita njia hiyo hiyo na mtoto akapita kimya. Mama akajiuliza, kwa nini leo? Siku ya kazi akasimama pale kona na kusikiliza. Mashine ya kusaga unga ilikuwa ikinguruma. Jumapili huwa imezimwa. Kesho yake alizunguka njia ya nyuma, dakika tano zaidi, na mtoto akafika shuleni bila mayowe.

Unaona, mama? Mtoto hakukataa shule, alikuwa akikimbia kelele iliyomuumiza. Fimbo ilimwongezea maumivu juu ya maumivu. Kwa hivyo tabia ikikusumbua, jiulize mambo matatu: nini kilitangulia? Mtoto alifanya nini? Kisha nini kikafuata? Andika kwenye daftari kwa wiki mbili. Mara nyingi utaona mlango. Na kama mtoto asiyesema ameanza ghafla kujipiga au kulia, fikiria maumivu kwanza: jino, sikio, tumbo, choo kigumu. Mpeleke kliniki.

Kuna tofauti pia kati ya kudeka na kulemewa. Anayedeka hutazama kama unamwona, na akipata anachotaka hunyamaza. Aliyelemewa na kelele, mwanga au mabadiliko hawezi kujizuia hata ukimpa kila kitu. Huyo mwondoe penye kelele, punguza maneno, kaa karibu, ngoja. Akitulia ndipo mfundishe.

La kufanya nyumbani

Huhitaji fedha nyingi. Sema maneno machache, moja moja: "Vaa viatu," ungoje, kisha "Twende." Shuka chini mlingane uso, na uingie katika mchezo wake. Akipanga vifuniko, nawe mpe kimoja kimoja kwa zamu. Huo ndio mwanzo wa mazungumzo.

Chora picha kwenye kipande cha katoni: mswaki, kikombe cha uji, sare, njia ya shule. Zibandike ukutani kwa mpangilio, mwonyeshe kila asubuhi. Mambo yakibadilika, mwambie mapema na umwonyeshe. Akitaka kitu, ngoja kidogo kabla ya kumpa, ili apate nafasi ya kuomba kwa neno, kwa ishara au kwa picha. Usiogope picha na ishara. Hazizuii mtoto kusema, bali humpa njia ya kuanza.

Kwa yule kijana wa Gredi ya 6, sema unachomaanisha. Mfundishe maamkizi kama unavyofundisha wimbo: mgeni akija, unasema hivi, unatoa mkono, unaweza kwenda. Na kile anachokipenda, hizo matatu zake, usikidharau. Pitia hapo kumfundisha ramani, hesabu na insha.

Usalama

Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga, na wengi huvutiwa na maji. Funika kisima, pipa na shimo. Wajulishe majirani na wahudumu wa bodaboda kwamba mtoto huyu hataweza kutaja jina lake. Shona namba yako ya simu ndani ya nguo yake. Akipotea, tafuta kwanza penye maji.

Mfundishe pia sehemu za mwili ambazo mtu mwingine hapaswi kuzishika, kwa majina yake halisi. Msichana mwandae kwa hedhi mapema, kwa picha na hatua. Asiyeweza kueleza yaliyompata huwindwa na watu wabaya.

Na mtu akikuuzia dawa, kinywaji au maombi ya kulipia kwamba yatauondoa usonji, weka pesa yako. Hakuna dawa inayouondoa. Zipo dawa za kifafa, ambacho huwapata baadhi ya watoto hawa, na msaada kwa usingizi mbaya, lakini hizo huandikwa na daktari.

Wapi pa kwenda?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukuelekeza. Omba mtoto apimwe masikio kwanza, kwa sababu asiyesikia naye hageuki akiitwa. Omba rufaa kwa daktari wa watoto. Hospitali kubwa zina wataalamu wanaomsaidia mtoto kuwasiliana, na wengine wanaomfundisha kula, kuvaa na kutumia mikono. Usingoje jina la hali ndipo uanze. Yale ya nyumbani unaweza kuyaanza leo.

Kwa upande wa shule, uliza kituo cha kutathmini mahitaji ya elimu, kinachojulikana kwa ufupi kama EARC. Vituo hivi vilianza nchini Kenya mwaka 1984, na kazi yao ni kumpima mtoto na kushauri shule inayomfaa. Uliza pia juu ya kumsajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kupata elimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kuchapa mwanafunzi. Ukiambiwa "huyu hatumtaki hapa," usiondoke kwa aibu. Uliza sababu, na uombe iandikwe.

Na baadaye je?

Ninajua swali linalokukosesha usingizi: nikifa, nani atamwangalia? Siwezi kukuahidi kwamba kila mtoto atajitegemea. Wengine watahitaji mkono maisha yote, na thamani yao haipungui. Lakini usikate kauli mapema. Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947, alikaribia miaka minne bado hajazungumza. Wapo walioshauri apelekwe katika taasisi. Mama yake alikataa, akamtafutia walimu. Mtoto huyo alipokua aliona wanyama wanavyoogopa kivuli, mnyororo unaoning'inia na kelele, kwa sababu yeye mwenyewe aliogopa hivyo. Akachora mazizi na njia za kupitishia ng'ombe bila kuwatia hofu, akawa profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Si kila mtoto atakuwa profesa, lakini kila mtoto ana kitu anachokiona kuliko sisi.

Mwisho, mama, jiangalie na wewe. Mwombe baba, shangazi au bibi akae na mtoto saa moja kwa wiki upumzike. Mweleze na baba asikilize mazungumzo haya, kazi hii si yako peke yako. Ongea na kaka na dada zake, nao wana maswali. Mtafute mama mwingine mwenye mtoto kama wako, hata mkiwa wawili tu ni mwanzo wa chama. Na Jumapili ijayo usimfungie ndani. Kaeni karibu na mlango, mbali na spika, na mtoke akichoka.

Yule jirani akirudia methali yake, mwambie hivi: mwanangu ninamfunza, na yeye ananifunza njia.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Watoto wenye tabia kama hizi huitwaje kijijini kwetu, na majina hayo huwafanya mama zao wahisi vipi?

2. Taja tabia moja ya mtoto inayokusumbua. Nini hutangulia kabla ya tabia hiyo?

3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mama anayemficha mtoto wake?